Kutoka Posta hadi Bando: Safari ya Elimu ya Masafa Nchini Tanzania

Bahasha kutoka ng'ambo

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika jiji la Nairobi. Mchana alikuwa kazini, jioni alishughulika na chama cha wafanyakazi, na hapakuwa na shule ambayo ingempokea kwa ratiba ya namna hiyo. Akajiandikisha na chuo cha Afrika Kusini kilichofundisha kwa barua, Efficiency Correspondence College, akachukua uchumi. Mwaka 1955 akapata ufadhili wa kwenda Ruskin College, Oxford. Mboya anakumbukwa kwa ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kuanzia 1959. Kwamba yeye mwenyewe alianzia kwenye bahasha yenye stempu ni jambo ambalo halitajwi sana.

Utaratibu huo ulikuwa umeshatimiza zaidi ya karne moja. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja kwa nchi nzima, na mwaka huohuo Isaac Pitman wa mji wa Bath akaanza kufundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi ananakili aya za Biblia kwa hati mkato, anatuma, kazi inarudi imesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa mtu yeyote bila kuuliza amesomea wapi. Vyuo vya kibiashara vikafuata, vikiuza maandalizi ya mitihani hiyo hadi kwenye makoloni: Wolsey Hall wa Oxford, ulioanzishwa 1894, na Rapid Results College, chuo ambacho jina lake lenyewe lilikuwa tangazo.

Kwa karani wa Tanganyika au Kenya, hii ilikuwa njia ya kupanda cheo bila kuacha mshahara. Lakini tuangalie ni nani hasa aliyefikiwa. Afrika Mashariki posta haikumletea mtu barua mlangoni. Barua ilikwenda kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa la misheni, la shule au la mwajiri. Mkulima wa Rungwe hakuwa na S.L.P., wala hakuwa na Kiingereza cha kusomea sarufi na utunzaji wa hesabu. Aliyekuwa navyo alikuwa tayari ameshaweka mguu mmoja ndani. Na hata huyo, akikwama kwenye ukurasa wa nane, hakuwa na wa kumuuliza. Angeandika swali, asubiri meli, apate jibu wakati ameshasahau alichouliza. Walioacha waliacha kimyakimya, na chuo kilichokwisha kupokea ada hakikuwa na haraka ya kuwafuata.

1964–1972: Serikali yaingia kazini

Baada ya uhuru hesabu zilibadilika. Nchi ilikuwa na vyama vya ushirika vilivyokua haraka kuliko idadi ya watu walioweza kusoma vitabu vya hesabu za vyama hivyo. Mwaka 1964 Kituo cha Elimu ya Ushirika pale Moshi kikaanza kozi za barua kwa makatibu na wanakamati, kikisaidiwa na nchi za Skandinavia. Wageni hao walikuja na kitu ambacho vyuo vya Uingereza havikuwa nacho: desturi ya kikundi cha masomo. Barua haikutumwa kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Wanachama walikaa pamoja, wakasoma somo, wakajibu maswali kwa pamoja, na redio ikaongezea. Naona huu ndio mgeuko wa kwanza wa maana katika historia yote hii, ingawa hauzungumzwi.

Nairobi nao hawakulala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu chao kilianzisha pale Kikuyu kozi za posta na redio kwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamesomea ualimu. Huku Dar es Salaam, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imezaliwa 1960 kama tawi la Makerere, ikahamia chini ya chuo kikuu cha hapa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Sweden, ikapata kitengo chake cha elimu kwa njia ya posta. Sheria ya mwaka 1975 ikaifanya ijitegemee.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na uamuzi wa kisiasa. Tangu Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba nchi isingeweza kusubiri watoto wakue ndipo ianze kuendelea. Waelimishwe kwanza watu wazima, maana ndio wanaolima leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaamua kwamba kutojua kusoma kufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Walimu wa kujitolea wakaajiriwa kwa maelfu kufundisha kisomo, wakilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Posho hiyo ndogo tutakutana nayo tena.

1973: Mtu ni Afya

Kampeni za redio zilianza kidogokidogo. Mwaka 1969 ilikuwa Kupanga ni Kuchagua, kueleza mpango wa pili wa maendeleo. 1970 Uchaguzi ni Wako. 1971 Wakati wa Furaha, kusherehekea miaka 10 ya uhuru. Kila mara vikundi viliongezeka, na Taasisi ikajifunza makosa yake. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, na hapa inafaa tukae kidogo.

Kabla redio haijafunguliwa, mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi. Kikosi cha taifa kikawafundisha watu wa mikoa, wa mikoa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakashuka hadi tarafa na kata, mpaka wakapatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kiongozi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa shule, bwana shamba, mtendaji, au mwanakijiji aliyeaminika na aliyejua kusoma. Siku chache za mafunzo zilimfundisha jambo moja hasa: kuuliza maswali na kuwaacha wengine waseme.

Kampeni yenyewe ilichukua wiki 12. Siku ya kikundi, watu walikusanyika shuleni au chini ya mti. Kiongozi aliita majina, akaweka redio katikati, na kama betri zilikuwa zimechoka alikuwa ameshazianika juani mchana kutwa. Kipindi kikasikika kutoka Redio Tanzania: ngoma, igizo fupi, maelezo ya malaria au kichocho au kuhara. Redio ikazimwa. Kikafunguliwa kitabu, kilichoandikwa kwa lugha nyepesi na maandishi makubwa kwa ajili ya watu walioanza kusoma juzi, na mmoja akasoma kwa sauti. Kisha likaja swali ambalo lilikuwa roho ya kampeni nzima: haya tuliyosikia, hapa kwetu yapo? Kama yapo, tufanye nini, nani afanye, na lini? Azimio likaandikwa. Wiki iliyofuata, kabla ya redio kufunguliwa, watu waliulizana azimio limefika wapi.

Wanavikundi walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 15 hivi. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wapo wanaosema vingi vilichimbwa kwa amri, mtendaji akiwa amesimama nyuma, na si uongo: enzi ile hiari na amri zilitembea pamoja, na kampeni iliingiliana na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Bado, ukiitazama kama elimu ya masafa, ni vigumu kuipata nyingine barani iliyofundisha watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho. Mafanikio hayo hayakuwa ya redio peke yake. Redio zilikuwepo kabla, na vipindi vya afya vilikuwepo kabla. Kilichoongezeka ni wale viongozi 75,000.

Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, nayo kubwa, na 1980 Misitu ni Mali. Hii ya mwisho ilikuta nchi imeishiwa nguvu.

1974–1984: Walimu wa UPE

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, yaani UPE kwa kifupi cha Kiingereza, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe 1977. Azimio la Musoma lilimaanisha madarasa, madawati, na zaidi ya yote, walimu. Mahitaji yalikadiriwa kuwa walimu wapya wapatao 40,000. Vyuo vyote vya ualimu kwa pamoja vilikuwa vikitoa kama 5,000 kwa mwaka. Ukipiga hesabu unaona kwamba hata kama kila chuo kingejaza watu hadi kwenye korido, tarehe ingepita.

Serikali ikaigeuza hesabu. Kama vijana hawawezi kupelekwa chuoni, chuo kipelekwe kijijini. Wahitimu wa darasa la saba walichaguliwa, wakapangwa katika shule za msingi za karibu, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusomea ualimu sehemu nyingine. Masomo yalitoka Dar es Salaam kwa vitabu vya posta, redio ikarusha vipindi vya kusindikiza, na kila eneo likawa na mratibu wa elimu wa kata aliyewakusanya, akawafundisha, akasahihisha kazi zao na kuingia darasani kuwatazama wakifundisha. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani. Kati ya 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hii. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3.

Na jina likabaki: mwalimu wa UPE. Mtaani lilikuwa tusi la adabu. Mtoto akikosea hesabu, mzazi aliuliza kama amefundishwa na UPE. Lawama hizo zilikuwa na chembe ya kweli, kwani kijana wa miaka 17 mwenye elimu ya darasa la saba alikuwa akifundisha watoto wa darasa la nne, na alijua machache zaidi yao. Lakini mimi naona tusi lilielekezwa pasipo pake. Ukilinganisha na walimu waliotoka kwenye kozi za majuma machache miaka ya 2000, wale walioitwa Voda Fasta na watani wa mtaani, mwalimu wa UPE alipata miaka ya kufundishwa kazi akiwa kazini, na mtu wa kumsimamia. Wengi wao walijiendeleza kutoka daraja C hadi A, wakastaafu wakiwa walimu wakuu. Kilichowaangusha zaidi ni hali ya shule walizopelekwa, darasa la watoto 80 bila kitabu.

Miaka ya ukata

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vikaja 1978. Bei ya mafuta ikapanda, ya kahawa ikashuka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 betri za redio zilikuwa zikitafutwa kama sukari na sabuni. Karatasi ya kuchapia vitabu vya posta nayo ikawa adimu. Kazi za wanafunzi zilikaa miezi bila kusahihishwa.

Takwimu za serikali za 1986 zilisema wasiojua kusoma na kuandika wamebaki karibu asilimia 10 tu, ushindi ambao wachache duniani waliweza kuutaja. Mwaka huohuo nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na bajeti za huduma za jamii zikakatwa. Wizara haikufuta elimu ya watu wazima, ilinyamaza tu. Posho ya wale walimu wa kujitolea, iliyokuwa imeshaliwa na mfumuko wa bei, ikawa haifiki kabisa, na wao wakarudi shambani. Redio iliendelea kusikika, na Taasisi iliendelea kuwa na ofisi, lakini aliyekuwa akiwaita watu wakae pamoja hakuwepo tena. Katika miaka ya 1990 idadi ya wasiojua kusoma ikaanza kupanda.

1992–2009: Chuo kisicho na mabweni

Wakati ngazi ya chini ya elimu inazorota, ya juu ilikuwa imefungwa kwa wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu vya kutegemewa, Dar es Salaam na Sokoine, na nafasi za maelfu machache kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 20. Uingereza ilikuwa imeanzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1969, na India ikafuata 1985. Mwaka 1988 serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, kutazama kama jambo hilo linawezekana hapa. Bunge likapitisha sheria mwaka 1992, na mwaka 1994 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikapokea wanafunzi wake wa kwanza.

Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mwanahisabati. Kabla ya hapo alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na alikuwa ofisini mwaka 1990 chuo hicho kilipofungwa kwa miezi kadhaa baada ya mgomo wa wanafunzi. Sasa akapewa chuo ambacho hakikuwa na bweni wala bwalo, na ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa na watoto wa shule.

Kituo cha mkoa ndicho kilichokuwa chuo kwa macho ya wanafunzi. Mara nyingi kilikuwa vyumba vichache vya kuazima, rafu za vitabu, mkurugenzi mmoja na karani. Mwalimu wa sekondari kutoka Tunduru aliyesajiliwa Songea alifunga safari ya basi kwa barabara ya vumbi, masika pengine siku mbili, kuja kuchukua vitabu na kuhudhuria siku chache za ana kwa ana. Akirudi nyumbani, alisoma usiku kwa kibatari baada ya kusahihisha madaftari ya wengine. Shahada ya miaka mitatu wengine waliimaliza kwa 6 au zaidi. Wengine waliiacha njiani baada ya kufiwa, kuhamishwa kazi, au kukosa ada ya muhula. Waajiri nao walinung'unika. Digrii ya Huria ilitiliwa shaka kwenye usaili kana kwamba mtihani wake ulifanyiwa jikoni, ingawa ulifanyiwa kwenye kituo, mbele ya msimamizi, siku moja kwa nchi nzima.

Waliobaki walibaki kwa sababu mbalimbali, lakini ukizungumza na wahitimu wa miaka ile jambo moja linajirudia. Walijiundia vikundi. Askari polisi, muuguzi, afisa mtendaji na mwalimu wakakutana Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi na kufundishana sheria ya mikataba. Chuo hakikuwa na watu wa kutosha kuwapa mkufunzi wa karibu, wakawa wakufunzi wao kwa wao.

Faida ilionekana polepole. Mke wa ofisa aliyehamahama na mumewe aliweza kusoma bila kuanza upya kila mkoa. Mfungwa aliweza kujisajili. Mtumishi wa Kigoma hakulazimika kuomba likizo bila malipo na kuhamia Dar es Salaam. Hivi vilikuwa vitu ambavyo Mlimani, kwa sifa zake zote, usingeweza kuvitoa.

2009–2019: Waya chini ya bahari

Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Hadi wakati huo intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Sasa Mkongo wa Taifa ukasambazwa mikoani, simu za bei nafuu zikaingia kutoka China, na neno bando likawa la kila siku.

Kenya walijaribu kwa ujumbe mfupi: Eneza ilituma maswali ya masomo kwa simu za kawaida, na mwanafunzi wa kijijini akajibu kwa vitufe. Dar es Salaam, Shule Direct ikaweka masomo ya sekondari mtandaoni, na mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zikaanza kuonekana TBC1, zikifundisha hisabati kwa Kiswahili kwa wimbo na mzaha. Zanzibar ilishaanza mapema kidogo, tangu 2006, na mradi wa Tucheze Tujifunze, ambapo redio iliimba na watoto wa vijijini wasio na shule ya awali wakaitikia, wakiongozwa na mlezi wa hapohapo mtaani.

Mradi huo wa Zanzibar ulikuwa na mlezi. Programu nyingi za simu zilizofuata hazikuwa naye, na wabunifu wake waliliona hilo kama sifa: hakuna gharama ya mtu. Wafadhili walipenda sana hesabu ya namna hiyo. Muungano wa Jubilee, ulioshinda uchaguzi wa Kenya wa 2013, nao uliingia uchaguzi huo na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishkwambi, na shule kadhaa zikavifungia kabatini zikisubiri umeme.

Machi 2020

Mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na siku iliyofuata vyuo. Kenya ilikuwa imeshatangaza Machi 15. Uganda ilifunga Machi 20. Burundi haikufunga.

Ndani ya wiki chache vipindi vya masomo vikaanza kurushwa redioni na kwenye runinga, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikaweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao. Kila kitu ambacho watu wa 1973 wangekitamani kilikuwepo: picha, sauti, vitabu visivyohitaji lori. Shida ilikuwa upande wa kupokea. Nyumba yenye simujanja moja ilikuwa na baba anayeondoka nayo saa 12 asubuhi. Shule za binafsi za Kiingereza ziliunda makundi ya WhatsApp. Mwalimu akatuma picha ya maswali, mama akaipeleka steshenari ikachapishwa, mtoto akajibu kwa kalamu, mama akapiga picha akairudisha. Barua ya Pitman imerudi, kwa bando la mama. Wazazi wakalalamika kwamba wanatozwa ada kwa kazi wanayoifanya wenyewe. Walimu wa shule hizo, ambao wengi mishahara yao ilikatwa au kusimamishwa, walikuwa na malalamiko makubwa zaidi, ila hawakusikika sana.

Kwenye shule za umma, hasa vijijini, kwa sehemu kubwa hapakuwa na kitu. Mtoto alikwenda shamba au kuuza karanga. Vyuo vikuu vingi vilisubiri tu. Juni 1 vikafunguliwa pamoja na kidato cha sita, na Juni 29 wengine wote wakarudi. Tanzania ilipoteza miezi mitatu na nusu. Uamuzi huo wa kufungua mapema umezungumzwa sana kwa upande wa afya, na kwa haki. Kwa upande wa shule uliwaokoa watoto wa Tanzania na yaliyowapata wa majirani.

Nchini Kenya, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza Julai kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 4, 2021. Mwezi uleule wa Julai maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalianza kurusha intaneti kutoka angani kwa ushirikiano na Telkom Kenya. Miezi michache baadaye mradi ukafungwa kwa kukosa faida. Magoha alijaribu pia mpango wa kishamba zaidi: walimu wakutane na vikundi vidogo vya watoto vijijini wanakoishi. Mahakama ikausimamisha. Hapo ndipo corona ilipoumiza kuliko kitu kingine. Kwa miaka 50 dawa ya umbali ilikuwa kikundi na mtu wa kukiongoza, na sasa kukusanyika kwenyewe ndiko kulikokuwa hatari.

Uganda ilikaa karibu miaka miwili. Serikali ilichapisha vifurushi vya masomo, ikaahidi redio. Vifurushi vilifika vichache na kwa kuchelewa. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, walimu wengi walikuwa wameshahamia biashara ya bodaboda na duka, majengo ya shule za binafsi yamekuwa nyumba za wageni, na wasichana wengi walikuwa na watoto mgongoni.

Njia mbadala

Machi 2020, mwezi uleule shule zilipofungwa, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 500 kwa elimu ya sekondari Tanzania, mradi unaojulikana kama SEQUIP. Mjadala wake ulikuwa mkali, kwa sababu tangu 2017 Rais Magufuli alikuwa ametamka kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Sehemu ya mkopo ikapangiwa njia mbadala: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ileile ya Mtu ni Afya, iwafundishe walioacha. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi pia katika shule za kawaida.

Wengine walirudi shule. Wengine walichagua njia mbadala, na ukitembelea kituo unaona kwa nini. Masomo ya kidato cha kwanza hadi cha nne yamefupishwa yakae miaka miwili. Moduli zimechapishwa, kila mmoja anakwenda nazo nyumbani, anasoma mtoto akilala. Mara kadhaa kwa wiki anakuja kituoni, pengine darasa la sekondari baada ya wanafunzi wa mchana kuondoka, na hapo yupo mwezeshaji, mara nyingi mwalimu wa shule hiyohiyo, anayemfungulia ukurasa aliokwamia. Hapigi kelele mtoto akilia. Anajua nani hakuja wiki iliyopita, na humpigia simu.

Mwezeshaji huyo analipwa posho, na posho inatoka kwenye mradi. Mradi una tarehe ya kufungwa. Katika bajeti ya mwaka 1986 kilichokatwa kwanza hakikuwa kipindi cha redio wala jengo la Taasisi, na wanaoandaa bajeti zijazo za wizara watakuwa na jedwali lilelile mbele yao: safu ya vifaa, safu ya bando na mitambo, na chini kabisa, kwa shilingi ndogo kuliko zote, safu ya watu wanaokaa na wanafunzi jioni.